Kuhesabu Maneno ya Lugha: Hoja kutoka Masisi na Walikale

Katika mijadala ya isimu hujitokeza mara kwa mara desturi ya kuzipanga lugha kuu za dunia kwa ukubwa wa msamiati wake. Kiingereza hutangulizwa kwa kuwa Kamusi ya Oxford, toleo la pili la mwaka 1989, ina juzuu 20 na vidahizo zaidi ya 290,000. Kihispania hushushwa daraja kwa sababu kamusi ya Akademia yake ya mwaka 2014 ina vidahizo 93,000 hivi. Mpangilio huo hupima kazi ya wanakamusi, lakini huchukuliwa kuwa kipimo cha lugha. Oxford huhifadhi hata maneno yaliyokufa karne nyingi zilizopita. Kamusi ya Kijerumani iliyoanzishwa na ndugu wawili Grimm mwaka 1838 ilikamilika baada ya zaidi ya miaka 120.

Tatizo huzidi lugha ikiwa ya Kibantu. Pikia, pikwa, pikika, pikisha na pikishana kwa kawaida huwekwa chini ya kidahizo kimoja, pika, ilhali Kijerumani huunganisha nomino mbili na miunganiko mingi ya namna hiyo ikapewa vidahizo vyake. Nani basi ana maneno mengi?

Wanaoumizwa zaidi na hesabu hiyo ni wasemaji wa lugha kama Kihunde cha Masisi na Kinyanga cha Walikale. Shigeki Kaji alichapisha msamiati wa Kihunde huko Tokyo mwaka 1992: kitabu kimoja, kazi ya mtafiti mmoja. Anayekiweka kando ya juzuu 20 za Oxford akahukumu kwamba Kihunde ni maskini amelinganisha rafu za maktaba. Hukumu hiyo si mchezo wa wasomi, kwani ndiyo inayotolewa kila inapodaiwa kwamba lugha hizi haziwezi kubeba masomo ya shule.

Ushahidi wa Kinyanga unapinga dai hilo. Mwaka 1956 Candi Rureke alisimulia utendi wa Mwindo kwa siku 12, nao Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakauchapisha mwaka 1969, matini ya Kinyanga pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Msimulizi hakuwa na kamusi mkononi. Utajiri wa karisi, kama Wanyanga wanavyouita utanzu huo, unaonekana katika matumizi ya lugha, mahali ambapo orodha ya vidahizo haifiki.

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inazitaja lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwamo, na kuzihesabu nyingine kuwa urithi wa utamaduni ambao Dola inaulinda. Ulinzi huo bado ni wa karatasi. Tangu machafuko yaliyoanzia Ntoto, Walikale, mwezi Machi 1993, familia nyingi zimehama mara kwa mara. Mtoto anayekulia Goma hujifunza Kiswahili, na majina ya miti na ya mitego hubaki kwa babu yake. Kuyakusanya kungefaa kuliko kuyahesabu. Na hata kamusi kubwa ya Kinyanga ikitungwa, vitenzi vikipangwa kwa mizizi kama ilivyo kawaida ya wataalamu wa Kibantu, idadi ya vidahizo vyake itaonekana ndogo tena mbele ya Oxford.