Zimwi la Nani?

Filamu ya kutisha iliyonikaa moyoni kuliko zote nilizotazama mwaka huu haina sauti, haina rangi, na inakwisha kabla maharage hayajaiva. Inaitwa Frankenstein. Ilitengenezwa Marekani na kampuni ya Edison mwaka 1910, mwongozaji akiwa J. Searle Dawley, na ina urefu wa takriban dakika 13. Niliitazama kwenye simu jikoni kwa bibi yangu, kijijini upande wa Ilongero, mkoani Singida, yeye akiwa kwenye kigoda anachochea kuni.

Kwa kuwa filamu ni bubu na maelezo yake yameandikwa kwa Kiingereza, nilijipa kazi ya wale watafsiri wa vibanda umiza. Nilisoma, nikatafsiri, na palipopwaya nikatia chumvi kidogo.

Kisa chenyewe ni kifupi. Kijana Frankenstein anaaga nyumbani kwenda chuo. Miaka miwili baadaye anagundua siri ya uhai, anamwandikia mchumba wake kujisifu, kisha anaingia kazini. Hapa ndipo filamu inapoachana na sinema nyingi zilizofuata: hakuna radi wala mitambo ya umeme. Kuna chungu kikubwa. Kijana anatia dawa zake ndani, anafunga mlango, anachungulia kupitia kitundu. Ndani ya chungu mifupa inajikusanya, nyama inashika mifupa, mkono mmoja unainuka na kupunga hewani. Watengenezaji walichoma sanamu kwa moto, kisha wakairudisha picha kinyumenyume, ili kilichokuwa kinateketea kionekane kinaumbika. Ujanja wenyewe ni mwepisi, lakini mimi niliyezoea mazimwi ya kompyuta niliacha kutafuna karanga.

Zimwi linatoka, na Charles Ogle analiigiza akiwa na nywele timutimu, paji kubwa la uso na vidole virefu. Mwumbaji wake analitazama mara moja tu, anakimbilia kitandani.

“Amempika mwenyewe,” bibi akasema, “halafu anamkimbia?”

Sijasoma mhakiki aliyeisema hoja ya filamu hii kwa ufupi zaidi. Maandishi ya kwenye picha yenyewe yanatamka kwamba Frankenstein alitaka kuumba binadamu mkamilifu, ila uovu uliokuwa akilini mwake ndio uliozaa zimwi. Yaani dawa hazikukosewa kipimo. Kilichotoka chunguni kilikuwa kimeanzia kichwani mwa mpishi.

Singida tunalijua swali hili kwa njia yetu. Miaka ya 1940, hasa 1946 na 1947, watu wengi waliuawa huku katika vifo vilivyohusishwa na watu-simba, ambao Wanyaturu huwaita mbojo. Ilisemwa kuwa hawa walikuwa binadamu waliofugwa gizani, wakavishwa ngozi ya simba na kutumwa kuua. Serikali ya kikoloni ilikamata watu na kuwashtaki, na wataalamu waliokuja baadaye waliendelea kubishana: zilikuwa kucha za simba wa kweli, au mikono ya watu? Bibi alikuwa mtoto wakati huo. Anachokumbuka ni kukatazwa kutoka nje usiku, hata kwa haja ndogo. Na anakumbuka mazungumzo ya wakubwa.

“Simba akila mtu, hakuna aliyeuliza simba gani,” aliniambia. “Waliuliza wa nani.”

Swali hilo lina busara, kwa sababu halikubali kwamba zimwi limejizaa lenyewe. Lakini lina makali pande zote mbili. Ukishauliza “wa nani”, lazima apatikane mwenyewe, na anayepatikana haraka ni yule asiye na wa kumtetea. Kwa miaka mingi mikoa ya Shinyanga na Tabora, tunayopakana nayo, imeripotiwa mauaji ya wazee kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na ushahidi mara nyingine ukawa macho mekundu. Macho mekundu ya mtu aliyepikia kuni miaka sabini!

Bibi yangu ana macho hayo. Miaka michache iliyopita, baada ya mtoto wa jirani kufariki, watoto waliacha kuja kwake kuomba karanga. Mbele yetu hakuna aliyetamka neno. Baba alimnunulia jiko la gesi, lakini liko uvunguni, maana mtungi ukiisha mpaka uende kujazwa mjini. Kwa hiyo moshi unaendelea, na macho ni yale yale.

Ndiyo sababu sehemu ya mwisho ilinishika koo. Zimwi linaingia chumbani, linasimama mbele ya kioo kirefu, linanyoosha mikono kama mwombaji, kisha linatoweka. Mwili umekwenda, lakini sura yake imebaki ndani ya kioo. Frankenstein anaingia, anasimama pale pale, na badala ya kujiona anaona zimwi. Anapolitazama, taratibu sura ile inafifia mpaka anabaki yeye. Kwa mara ya kwanza hakukimbia, na zimwi likaisha. Hakuna kijiji kilichowasha mienge kumsaka mtu, kama katika filamu maarufu ya James Whale ya mwaka 1931. Msako mzima umefanyika kati ya mtu na kioo chake.

Nina malalamiko. Filamu inamsamehe kijana upesi mno: maandishi yanatuambia upendo umeshinda, mchumba anaingia, wanakumbatiana, basi. Mchumba hajaambiwa kilichopikwa. Zimwi nalo halipewi hata sentensi moja, wakati katika riwaya ya Mary Shelley ya mwaka 1818 linazungumza, linadai mwenzi, linamsuta aliyeliumba. Ukilinyima zimwi kauli, umerahisisha kesi. Uigizaji nao ni wa kurusharusha mikono, na bibi alicheka mahali ambapo hapakukusudiwa kicheko.

Hata hivyo nawashauri mwitafute. Kwa miongo kadhaa ilidhaniwa imepotea, kumbe nakala moja ilikuwa kwa mkusanyaji wa filamu kule Wisconsin. Sasa Maktaba ya Bunge la Marekani imeikarabati, na kuitazama mtandaoni ni bure, bando lako tu.

Ilipokwisha nilidhani bibi atarudi kwenye maharage yake. Akafuta machozi ya moshi kwa pindo la kanga, akasogeza kigoda karibu na simu.

“Rudisha pale kwenye kioo,” akasema. “Nataka kuona kama yule kijana aliona aibu.”

Nikarudisha. Tukatazama mara tatu, na bado hatujakubaliana.