Kipimo cha Boriti

Nyumba kongwe za mawe za Mikindani, karibu na mji wa Mtwara, zina vyumba virefu lakini vyembamba. Upana ni kama mita mbili na nusu, pengine unakaribia tatu, basi. Mjenzi hakubanwa na kiwanja. Alibanwa na boriti, mti wa mkoko unaolala kutoka ukuta mmoja hadi wa pili na kubeba dari nzima ya mawe na chokaa. Vyumba vya namna hiyo vipo Kilwa na Lamu, vipo pia Bahrain na Kuwait, mahali ambapo mkoko wa kujengea haukui. Aliyeamua upana wa vyumba hivyo vyote ni mkata miti aliyesimama kwenye matope ya pwani yetu.

Kazi yake inataka kwanza kujua miti. Kwenye maingilio ya Mto Ruvuma na kando ya Ghuba ya Mnazi, mgeni huona msitu mmoja wa kijani. Mwenyeji huona mkoko na msinzi, ambao hutoa boriti. Mkandaa, unaofaa kwa fito. Mlilana, ambao mafundi wa vyombo huutafuta kwa mataruma, mbavu za chombo. Na mkomafi, wa samani. Mchu hupindapinda, hivyo mtafuta boriti huupita.

Kisha inataka kujua maji. Wakati wa bamvu, maji yanapojaa sana, mtumbwi hupenya ndani kabisa ya vijito. Maji yakitoka, watu hukata. Yakirudi, hupakia na kutoka nayo. Hawawezi kuifunga miti pamoja na kuielekeza mtoni kama magogo ya bara, kwa kuwa mkoko mbichi ni mzito kuliko maji na huzama. Kila mti hubebwa begani, juu ya matope na mizizi, hadi chomboni.

Mti mzuri hupatikana penye msongamano, kwa sababu miche inayogombea jua hupanda juu bila kupinda. Mkataji huutazama kutoka shinani hadi kileleni kabla ya kuinua shoka, halafu hukata juu ya mizizi inayoning'inia. Hapo kosa halirekebishiki: mkoko ukishakatwa shina hauchipui tena, tofauti na mchu. Mrithi wake lazima atoke kwenye mbegu, ile ndefu inayoota ingali juu ya mama yake na kuanguka ikiwa tayari mche. Kwa hiyo fundi wa kweli hupimwa pia kwa miti aliyoiacha.

Ufundi hukamilika kwenye kupanga. Miti hutengwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Boriti yenyewe ina kipenyo cha sentimita 11 na nusu hadi 13 na nusu hivi. Huhesabiwa kwa korja, yaani miti 20. Katika orodha hii fupi ndimo ilimo akili ya biashara nzima. Mfanyabiashara wa Ghuba ya Uajemi aliagiza korja kadhaa za boriti na kadhaa za pau bila kuuona msitu, na fundi wake akainua kuta akijua kwamba mti utakaoshuka bandarini utazifikia. Leo tunastaajabia nyumba zinazotengenezwa vipandevipande kiwandani na kusafirishwa kwa meli. Hapa kiwanda kilikuwa msitu wa mikoko, na kipimo kilikuwa jichoni mwa mkataji.

Biashara hiyo ni ya kale. Katika karne ya 10 mwanajiografia al-Istakhri aliandika kwamba nyumba za Siraf, bandari ya Uajemi, zilijengwa kwa miti iliyotoka nchi ya Zanj, yaani pwani yetu ya Afrika Mashariki. Karibu miaka elfu moja baadaye, mwaka 1939, Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alikuwa ndani ya jahazi la Kuwait lililoingia delta ya Rufiji kupakia boriti, katikati ya matope na mbu. Rufiji na Lamu ndizo zilizokuwa vyanzo vikubwa. Vyombo vilishuka na kaskazi, vikapanda na kusi, na shehena hiyo nzito iliyolazwa tumboni mwa chombo ilitosha kuwa farumi yake, uzito wa kukituliza majini.

Mafuta ya Ghuba ya Uajemi yalizaa majumba ya zege na chuma, na soko likafifia. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982, na Tanzania ikasitisha ukataji wa mikoko mwaka 1987, misitu ilipokuwa imechoka. Mwaka 2000 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Marufuku hayo yalistahili, kwani msitu huo ndio unaokuza kamba na samaki na kuzuia bahari isile ardhi.

Hata hivyo, nyumba za Mikindani bado zina dari, na dari huoza. Anayetaka kuikarabati kwa mti wake wa asili aombe kibali, amtafute mzee anayetambua boriti ikiwa bado imesimama, na ampe kijana wa kufuatana naye. Na kwa kila mti utakaokatwa, ipandwe miche, maana shina lile halitachipua.