Mpenzi wa Nani? Filamu ya Fever Pitch Ikitazamwa kutoka Shinyanga

Katika michezo ya kuchekesha ihusuyo mapenzi, mshindani wa mpenzi kwa kawaida huwa ni mtu: tajiri wa jirani, baba mkali, au rafiki mdanganyifu. Filamu ya Kiingereza iitwayo Fever Pitch, iliyoongozwa na David Evans mwaka 1997, yamwondoa mtu huyo na kuweka mahali pake timu ya mpira. Aliyeiandika ni Nick Hornby, naye alifuata kwa mbali kitabu chake cha jina hilo hilo cha mwaka 1992, ambacho ni kumbukumbu za maisha yake katika kuishabikia Arsenal, wala si hadithi ya mapenzi. Makala haya yakusudia kuuliza kama filamu hii yajibu swali iliyoliuliza yenyewe. Kwa maoni yangu hailijibu, na sababu yake huonekana wazi zaidi kutoka Shinyanga na Geita kuliko kutoka London.

Kisa chenyewe ni chepesi. Paul Ashworth, achezwaye na Colin Firth, ni mwalimu wa shule. Wazazi wake walipotengana, baba yake alimpeleka uwanjani, na tangu siku hiyo Arsenal imekuwa kalenda ya maisha yake. Sarah Hughes, achezwaye na Ruth Gemmell, ni mwalimu mwenzake, apendaye utaratibu na asiyeona maana ya mpira. Wanapendana, Sarah anashika mimba, wanagombana. Tarehe 26 Mei 1989 Arsenal yaenda Anfield ikihitaji kuishinda Liverpool kwa tofauti ya mabao mawili. Michael Thomas apata bao la pili wakati mchezo ukikaribia kwisha, Arsenal yatwaa ubingwa iliokuwa haijautwaa tangu mwaka 1971, na katika shangwe za barabarani wapenzi wale wawili wapatana.

Sifa ya filamu hii ni kwamba haimdharau Paul. Yatuonyesha kwamba mtoto yule hakuwa na neno la kuzungumza na baba yake, na mpira ukawapa neno. Kicheko chatoka katika hali ya mtu mzima apimaye nyumba, mke na mtoto kwa ratiba ya ligi, lakini twajua ratiba hiyo ilimfaa nini alipokuwa mdogo. Hilo ni jambo la haki, nalo si la kawaida katika michezo ya namna hii.

Kasoro i katika mwisho, na ili kuieleza yafaa tuanze na neno letu wenyewe. Kiswahili hakitenganishi mambo mawili ambayo filamu hii yayagombanisha. Mtu ampendaye mwanamke huitwa mpenzi, na mtu aipendaye timu huitwa mpenzi vile vile. Tena neno hili laelekea pande mbili. Mtangazaji asemapo "wapenzi wasikilizaji" huwataja watu wapendwao. Asemapo "wapenzi wa kandanda" huwataja watu wapendao. Baina ya mume na mke pande hizo hukutana, kwani kila mmoja hupenda na kupendwa. Lakini mpenzi wa timu hupenda tu. Timu haimjui jina. Basi swali la kweli la kisa cha Paul si kwamba yupi apendwa zaidi, Sarah au Arsenal. Swali ni hili: je, mtu aliyezoea kupenda kisichoweza kumpenda ataweza kujifunza kupenda awezaye?

Wasukuma, ambao ni wenyeji wa sehemu kubwa ya nchi hii, walikuwa na ushabiki kabla ya mpira kufika. Vyama vyao viwili vikuu vya ngoma, Wagika na Wagalu, husemwa kuwa vilianzishwa na waganga wawili, Ngika na Gumha, walioshindana kwa dawa. Hata leo katika mashindano hayo pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na watazamaji huwa huru kuuacha upande mmoja na kuukimbilia wa pili. Mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Dawa ya mvuto iitwayo samba hutumiwa na kiongozi wa ngoma kuvuta umati, na hutumiwa pia na mtu atafutaye mchumba. Yaani Wasukuma waliviweka vitu hivi viwili chini ya nguvu moja. Lakini katika ngoma yao shabiki ana uzito: akiondoka, ngoma yapungukiwa, na manju hana budi kumbembeleza arudi. Paul akizima televisheni yake, Anfield hapungui kitu.

Filamu yakwepa ugumu huo kwa kuifanya Arsenal ionekane kana kwamba imemrudishia Paul mapenzi yake. Kombe laja, na Sarah aja, usiku ule ule. Mwandishi hawezi kulaumiwa kwa ushindi ambao ulitokea kweli. Alaumiwe kwa kuutegemea. Tuliondoe bao la Thomas: je, Paul angetoka nje kumtafuta Sarah, au angejifungia na majonzi yake? Filamu haitupi njia ya kujua. Tena Sarah ndiye aingiaye katika sherehe ya Arsenal. Hatumwoni Paul akienda mwendo kama huo kuelekea upande wa Sarah.

Katika nchi ya dhahabu na almasi mtihani huo umefanywa mara tatu ndani ya miaka michache, bila bao la kuokoa. Stand United, iliyozaliwa miongoni mwa wapiga debe wa stendi ya mabasi ya Shinyanga, ilishuka kutoka Ligi Kuu mwaka 2019. Mwadui, timu ya mgodi wa almasi ulioanzishwa na Williamson mwaka 1940, ilishuka mwaka 2021. Geita Gold ilipanda mwaka huo huo, ikamaliza msimu wake wa kwanza katika nafasi ya nne, na mchezaji wake George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17. Mwaka 2024 nayo ikashuka. Wapenzi wa timu hizi walirudi nyumbani siku ile bila kombe, wakamkuta mke au mume aliyekuwa akingoja tangu asubuhi. Kilichosemwa mlangoni ndicho kiini cha mchezo ambao Hornby hakuuandika.

Kwa hiyo naisifu Fever Pitch kwa mwanzo wake, na nauona mwisho wake kuwa ni bahati iliyovaa nguo za hukumu. Mwandishi wa Kiswahili atakayelishika jambo hili atakuwa na faida mbili: lugha ambayo tayari imeficha mzaha wote ndani ya neno moja, na mahali ambapo timu hushuka. Namshauri aiache timu yake ifungwe, kisha atuonyeshe mpenzi huyo akigeuka kumtazama yule awezaye kumwita kwa jina.