Majirani wa Ngazi za Michenzani

Majumba ya Michenzani, Unguja, yalijengwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Waliohamia wakiwa vijana sasa ni wazee, na ngazi ni zile zile. Maji yakikatika, jirani hupandisha ndoo, akipumzika kila ghorofa, mpaka mlangoni kwa bibi. Asubuhi hubisha hodi: "Shikamoo bibi, umeamkaje?" Hutazama kama dawa za presha zimebaki, kama chai imenyweka. Pensheni jamii, iliyoanza 2016 kwa wenye miaka 70 na zaidi, ikitoka, humshika mkono washuke taratibu. Hakuna anayemlipa jirani huyo. Sisi tulio mbali na wazazi wetu tunalala kwa sababu yake, na deni hilo halilipiki kwa kutuma pesa kwa simu.