Kutoka Urani Hadi Risasi

Tarehe 2 Mei 2000 Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi ishara za GPS zinazotumiwa na raia. Kesho yake Dave Ulmer akaficha ndoo karibu na Beavercreek, Oregon, yenye daftari, vitabu, manati na kopo la maharage, akatangaza mahali ilipo. Jiokachingi, mchezo wa kuficha na kutafuta makopo kwa GPS, ikazaliwa.

Kutafuta ni raha, lakini ufundi uko kwa mfichaji. Wapenda sayansi huchezea jedwali la elementi, na hakuna zinazowatia hamu kama zile nururifu. Mvivu hupaka kopo rangi ya manjano na kuchora alama ya hatari. Huo si ufundi, na una gharama: mwaka 2011, mjini Wetherby, Uingereza, wategua mabomu walilipua kikasha cha plastiki cha mchezo huu kwa kukidhania bomu.

Fundi huiacha hatari nje ya kopo na kuyatumia maarifa kama kufuli. Chukua urani-238. Huoza polepole hadi kuwa risasi, kwa hatua 14: mara nane hutoa chembe ya alfa, na namba yake ya atomu hupungua kwa mbili, mara sita hutoa beta, namba ikapanda kwa moja. Mfichaji huigeuza safari hiyo kuwa matembezi. Swali la kuanzia laweza kuhusu Shinkolobwe, mgodi wa Katanga ulikotoka urani nyingi ya mabomu ya atomiki ya 1945. Baada ya hapo kila kituo kina kibao chenye herufi moja tu, alfa au beta, na mchezaji apige hesabu amekuwa elementi gani ndipo ajue aelekee wapi. Aliyekosea kwenye thori ataishia kuchomwa na miiba.

Utamu uko kwenye vipimo. Nusumaisha ya urani hiyo, yaani muda wa nusu yake kuoza, ni miaka bilioni 4.5, kwa hiyo kipande cha kwanza kiwe kirefu kuliko vyote. Poloni-214 haidumu hata sekunde moja; kituo kinachoifuata kiwe hatua moja tu kutoka chake. Radoni je? Ni gesi, basi pasiwe na kibao wala kopo, mchezaji asome jibu kwenye bango la hifadhi. (Hapo wengi hukasirika, na wana haki.)

Mwisho ni namba 82, yaani risasi: kopo lililozamishwa kwa chubwi la risasi, ndani yake daftari la kutia sahihi. Ugumu wa fumbo hupimwa kwa nyota moja hadi tano, na njia hupewa nyota zake peke yake. Fumbo hili lingestahili tano hata likitandazwa kwenye bustani tambarare.