Sifa za Mtundika Pazia

Pazia likipinda, hakuna filamu itakayonyooka juu yake. Kwa hiyo fundi anayeijua kazi ya kuonyesha sinema uwanjani hufika mapema, jua bado kali, akazunguka akitazama mambo ambayo mpita njia hayatilii maanani: upepo wa jioni hutokea wapi, malori hupita upande gani, choo kiko umbali gani, na njia ya kurudia nyumbani inakatiza mahindi au inapita peupe. Hayo mawili ya mwisho ndiyo yaliyonikalisha kuandika. Mafundi wengi huyaruka, wakawasha mashine mbele ya uwanja uliojaa wanaume na watoto, kisha wakajisifu kwamba kijiji kizima kilikuja.

Ninapoiwaza kazi hii huipeleka Kiyeyi, wilayani Tororo, mashariki mwa Uganda. Ni nchi ya Jopadhola, ya mihogo, mtama na viazi vitamu, na mpaka wa Kenya hauko mbali: Malaba upande mmoja, Busia upande mwingine, mji ambao mstari wa mpaka umeukata vipande viwili na kila kipande kikabaki na jina lilelile. Katika masoko ya huku utasikia Kidhopadhola, Kiteso, Kisamia, Kiganda, na Kiswahili cha wabadilisha fedha. Penye lugha nyingi kiasi hiki, filamu yenye maneno machache haimfungii mtu mlango. Na filamu nyingi za wasanii wanawake, hasa zile zilizotengenezwa kwa ajili ya majumba ya sanaa, ndivyo zilivyo: dakika saba, dakika ishirini, mwili unaotembea, ukuta, moshi, mvumo wa mbu. Zimezoea kuonyeshwa Ulaya, Kassel na Venice, katika vyumba vya giza ambamo mtazamaji huingia, akasimama kidogo, akatoka kwenda kunywa kahawa. Kwangu mimi, mahali pake ni hapa uwanjani.

Sinema yenyewe si ngeni. Vituo vya biashara vina vibanda vya video: chumba cha mabati, mabenchi, joto, na sauti ya mfasiri ikifoka juu ya sauti ya filamu. Uganda humwita VJ, na jina la VJ Jingo kwa watazamaji wengi lina uzito kuliko la mwigizaji yeyote anayemtafsiri. Kenya wana DJ Afro. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu. Nawaheshimu, wamezichukua filamu za Hong Kong na Hollywood wakazipa uraia. Lakini kibanda ni baraza la wanaume. Msichana akionekana humo usiku, kesho yake ataulizwa alikuwa na nani. Mama mwenye mtoto mgongoni haulizwi chochote, kwa sababu haingii.

Kabla ya kibanda lilikuwapo gari la sinema. Mwaka 1935 mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulianza kutengeneza filamu huko Vugiri, katika milima ya Usambara, na ulipofika mwisho mwaka 1937 lori lake lilikuwa limezunguka Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini likionyesha filamu za safura, kodi, benki ya akiba ya posta na malaria ya watoto wachanga. Mwaka 1939 Uingereza ikaunda Colonial Film Unit, nayo ikashikilia kwamba Mwafrika apewe picha za polepole na nyepesi, asije akachanganyikiwa.

Kutoka enzi hiyo kuna kisa ambacho mwananadharia wa mawasiliano Marshall McLuhan alikitia katika kitabu chake cha mwaka 1962, akikipokea kutoka kwa John Wilson. Mkaguzi wa afya alitengeneza filamu ya dakika chache kuwafundisha wanakijiji kuondoa maji yaliyotuama. Walipoulizwa wameona nini, wakajibu: tumeona kuku. Wenye filamu hawakujua kwamba ndani yake mna kuku. Ikabidi waipitie picha kwa picha, na kweli, kuku alikuwamo, ameruka pembeni kwa muda wa sekunde hivi. Kisa hiki kimezungushwa miaka mingi kama ushahidi kwamba watu wale hawakujua kutazama. Mimi nakisoma kinyume. Watu thelathini hivi walikiona kitu ambacho aliyepiga picha, aliyeihariri na aliyeisafirisha hawakukiona. Macho ya namna hiyo ndiyo anayoyalilia msanii wa filamu zisizo na hadithi. Filamu hizo zimejaa kuku wa pembeni, hazina kingine.

Basi turudi kwa fundi.

Kitambaa kizuri ni pamba nzito isiyo na mshono katikati, maana mshono utapita usoni mwa kila mtu atakayeonyeshwa karibu. Wengine hutumia turubai jeupe. Linadumu, ila linang'aa, na anayekaa pembeni anaona weupe mtupu. Nguzo mbili za mkaratusi, kamba juu, kamba chini, na mawe ya kuvutia ncha za chini. Lisikazwe kupita kiasi: pazia lisilo na pumzi, upepo ukija, hugeuka tanga na kung'oa nguzo. Lisitazamane na barabara ya malori, taa zao zitaifuta picha. Waliochelewa watakaa nyuma ya pazia, waone kila kitu kimegeuzwa, mshoto awe mtu wa kulia. Waachwe. Kuna wazee ambao wangechagua upande huo hata wakiwahi, kwa sababu hakuna watoto.

Jenereta ni adui wa filamu tulivu. Filamu ya ngumi inaweza kuishinda kwa kelele. Filamu ambayo sauti yake ni mbu na moto unaotatarika haiwezi. Fundi wa kweli huipeleka jenereta mbali, nyuma ya nyumba, upande unakoelekea upepo, akalipia waya mrefu bila kunung'unika. Siku hizi betri ya sola na inverta vinatosha kuendesha projekta ndogo kwa saa mbili, na hapo ukimya unapatikana. Spika mbili ndogo karibu na mikeka zafaa kuliko moja kubwa mbele inayowapasua masikio watoto na kuwafikia wazee kama uvumi. Halafu kuna kumbikumbi. Mvua ikinyesha mchana, jioni watajaa kwenye mwanga wa projekta, na kwa robo saa hakuna filamu, kuna mavuno. Fundi asiyezima mashine wakati huo hajui kazi. Watu wanakusanya kitoweo.

Sasa giza. Projekta hutaka giza totoro, na mwenye mashine, akiachiwa achague, atachagua usiku usio na mwezi. Mwanamke anayetoka kilomita mbili na mtoto mgongoni hutaka mwezi, ili aone anayekuja mbele yake. Nimesikia mabishano haya yakimalizwa kwa fundi kushinda, na matokeo yake ni ule uwanja wa wanaume na watoto. Dawa iko katika mwezi wenyewe. Ukishapevuka, kila siku huchomoza nyuma kwa dakika hamsini hivi. Siku ya pevu huchomoza jua likizama; siku tatu baadaye hutoka baada ya saa tatu usiku. Tororo iko karibu sana na Ikweta, saa moja na nusu ni giza tayari mwaka mzima. Anza hapo, maliza kabla ya saa tatu, zungumzeni kidogo, na watu wanapokunja mikeka mwezi unapanda juu ya migomba kuwasindikiza. Ustadi wote ninaousifu umo katika hesabu hiyo ndogo. Aliyeifanya amemfikiria mtazamaji kabla ya picha. Tena awe mwanamke anayeshika mashine, na kijana mwenye tochi asimame njiani kuelekea chooni, asiwe wa kuvuta sigara.

Saa moja na nusu hadi saa tatu hazitoshi filamu ndefu, na hilo halinisikitishi. Tororo ni mojawapo ya maeneo ya Uganda yaliyosumbuliwa sana na malaria. Mtoto awe chini ya chandarua mapema.

Ningepewa usiku mmoja Kiyeyi, ningeanza na Yellow Fever ya Ng'endo Mukii wa Kenya, ya mwaka 2012. Ni dakika saba tu, michoro na dansi vikichanganyika, juu ya ngozi na mkorogo. Hii haihitaji utangulizi; kila soko la mpakani lina meza ya vikopo hivyo. Watu watacheka, kisha kicheko kitapungua upande wa wasichana. Baada yake Pumzi ya Wanuri Kahiu, 2009, dakika zipatazo ishirini, dunia ya baadaye iliyobaki bila maji na mwanamke mmoja anayebeba mbegu kwenda nje. Vijana wa kibanda wataipenda kwa mashine zake, wengine kwa mbegu.

Ya tatu ni The End of Carrying All ya Wangechi Mutu, iliyoonyeshwa Venice mwaka 2015. Mwanamke anatembea na kikapu kichwani, na kikapu kinaongezeka: gurudumu, dishi la setilaiti, jengo, mpaka mzigo unammeza. Imetengenezwa kwa skrini tatu zilizopangwa bega kwa bega, kwa hiyo fundi atashona kitambaa kirefu na kukubali picha iwe hafifu kidogo. Sijui kama kuna mtazamaji wa Venice aliyewahi kubeba kikapu kwa utosi wake kutoka shamba la mihogo. Mkekani hapa watakuwapo wengi, na watajua kwa shingo, kabla ya macho, ni wakati gani mzigo umezidi.

Ya mwisho ni Out of Blue ya Zarina Bhimji, na hapa ningeomba watu wavumilie. Bhimji alizaliwa Mbarara mwaka 1963. Familia yake, ya Waasia wa Uganda, ikahamia Uingereza mwaka 1974. Mwaka 2002, kwa ajili ya maonyesho ya sanaa ya Documenta 11 huko Kassel, alitengeneza filamu hii ya dakika ishirini na nne hivi nchini Uganda. Mna ukungu, moto, kambi, seli, kuta zilizochubuka, uwanja wa ndege wa Entebbe. Hamna mtu hata mmoja wa kukusimulia. Sauti za mbu zinapopita spikani, mtazamaji wa Kiyeyi atajipiga shavuni, na hiyo ni tafsiri bora kuliko andiko lolote la mhakiki.

Lakini kuna sababu nyingine ya kuichagua kwa wilaya hii. Ni Tororo, kambini, mbele ya wanajeshi, tarehe 4 Agosti 1972, ambapo Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wenye uraia wa Uingereza waondoke Uganda. Walipewa siku 90. Baadhi walipanda treni Kampala kwenda Mombasa, na reli hiyo inapita Tororo hiyohiyo kabla ya kuvuka Malaba. Waliokuwa watoto hapa siku zile sasa ni bibi na babu, na baadhi yao wanakumbuka maduka yaliyofungwa, kreti zilizoachwa, mwenye duka aliyekabidhi funguo. Kassel walitazama kuta za Bhimji wakaona uzuri na huzuni. Hapa kuna watu watakaotazama ukuta uleule na kuuliza rangi ile ilikuwa ya nani. Watamwona kuku.

Mambo ya vibali nitayapitia haraka. Kazi ya msanii haionyeshwi bila idhini yake, hata bure, hata porini. Na serikali za pande zote mbili za mpaka hutaka kuijua filamu kabla ya umma: Wakenya wanakumbuka Rafiki ya Kahiu ilivyopigwa marufuku mwaka 2018 ikiwa njiani kwenda Cannes, na mahakama kuifungulia siku saba Septemba ya mwaka huo. Zanzibar tamasha la filamu la ZIFF limekuwa likitundika pazia ndani ya Ngome Kongwe tangu 1998, likawa na programu za wanawake na za vijijini, kwa hiyo hakuna atakayesema jambo hili haliwezekani kwetu. Gharama zake ni kitambaa, betri, na mtu wa kuandika barua.

Taa zikiwaka, kipaza sauti kiende mkekani kwanza. Kikianzia kwa mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, atashukuru wageni, atahimiza usafi, atawakumbusha watu kodi, na gari la sinema la 1935 litakuwa limerudi. Kianzie kwa mama aliyekaa mstari wa tatu, kwa lugha anayoitaka, na mfasiri asimpambie maneno. Akisema filamu ya mwisho ni ndefu na haina watu, iandikwe hivyohivyo na ipelekwe kwa aliyeitengeneza. Wasanii wa majumba ya sanaa husifiwa na watu waliosimama dakika mbili. Baadhi yao, naamini, wangelipa nauli kusemwa vibaya na mtu aliyekaa mpaka mwisho.