Swali la Kumi

Hojaji ya QUEST 2.0, iliyotungwa Canada na Louise Demers na wenzake, ina maswali 12 tu ya kupima jinsi mtu anavyoridhika na kifaa saidizi. Manane yanakihusu kifaa chenyewe: ukubwa, uzito, usalama, uimara na mengineyo. Manne yanahusu huduma. Kila jibu ni alama, 1 hadi 5.

Ukiisoma ukiwa Songea, unaona mara moja kilichoachwa nje. Kiti mwendo kinaulizwa kana kwamba kipo peke yake ukumbini. Tope la Lizaboni mwezi Machi na kizingiti cha choo havina swali lao. Hojaji ya rATA ya Shirika la Afya Duniani angalau inauliza kama kifaa kinafaa nyumbani na mazingira ya mtumiaji.

Lakini kasoro iliyonishughulisha zaidi imejificha kwenye swali la 10, la matengenezo. Mchukulie mama muuza mboga ambaye tairi la kiti chake huzibwa na fundi baiskeli wa kando ya barabara, kwa pesa yake mwenyewe. Waliompa kiti hawajarudi. Huduma ya matengenezo hakuiona, basi swali analiruka. Kanuni ya QUEST inataka jumla igawanywe kwa idadi ya maswali yaliyojibiwa. Akiyapa 4 yale mengine matatu ya huduma, wastani ni 4. Angelijibu la 10 kwa kutoa 1, wastani ungeshuka hadi 3.25. Kwa kunyamaza, amewapandishia alama waliomtelekeza, na hakuna aliyedanganya!

Hata akijibu, kiti alipewa bure, pengine mbele ya mgeni rasmi na kamera. Nani atathubutu kumpa mfadhili 2? Fomu inamdhania mteja mwenye risiti mkononi. Huyu alipokea msaada, na adabu inamfunga mdomo.

Sehemu bora imesukumwa mwishoni: mtumiaji anachagua mambo matatu yaliyo muhimu zaidi kwake. Ajabu ni kwamba uchaguzi huo hauingii kwenye hesabu. Anaweza kutaja matengenezo kwanza, na ripoti ikaondoka na ile 4 yake. Mimi ningeanza mahojiano na hayo matatu, na swali la 10 likiachwa wazi, mhoji aandike pembeni nani hasa anayeziba tairi na kwa shilingi ngapi.